Mshona Vitabu Aliyejifanya Mpelelezi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimefunga tai, nikitarajia kupewa kitabu. Nilipewa sufuria.

Aliyenipa ni Bwana Mkutubi, msimamizi wa maktaba, mtu mwembamba aliyenong'ona hata akiwa barabarani. Kazi ilikuwa imemzoesha hivyo. Nimesikia kwamba siku ya harusi yake kasisi alimwomba arudie kiapo mara nne.

"Wewe ndiye Kimeu wa ngumbaru?" akaninong'oneza.

"Ndiye mimi, Bwana Mkutubi. Nimemaliza masomo juzi, na cheti niko nacho hapa."

"Cheti weka mfukoni. Koroga uji."

Nyinyi vijana hamkuiona ngumbaru. Yalikuwa madarasa ya jioni ya watu wazima. Mimi niliingia na ndevu na nikatoka na ndevu, ila nilitoka nikijua kusoma, na siku hiyo nilijihesabu msomi wa tatu au wa nne katika Kenya nzima. Maktaba yenyewe ilikuwa ya chama cha ushirika cha wakulima: chumba kimoja kirefu mjini Machakos, nyuma ya ghala la kahawa. Vitabu vyetu vilinukia kahawa hivi kwamba msomaji akifika ukurasa wa hamsini, usingizi ulikuwa umemhama mpaka kesho kutwa.

Huo uji ulikuwa gundi. Kazi niliyoajiriwa ilikuwa ya kushona vitabu vilivyochakaa. Kitabu si kurasa zilizopangwa tu kama mkate. Ni mafungu ya karatasi zilizokunjwa, na kila fungu hushonwa kwa uzi wa kitani kwenye uti wa kitabu, yaani mgongo wake, kisha hupakwa gundi na kuvishwa jalada. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa ngano. Mwisho kabisa unatia mrututu kidogo, ile dawa ya buluu wanayopulizia kahawa, ili wadudu na panya wasione kitabu kuwa chakula.

"Kitabu ni mgonjwa, na wewe ni nesi," Bwana Mkutubi aliniambia. "Nesi hachagui mgonjwa."

Sikuchagua, wagonjwa walinichagua wao. Vitabu vya dini vilikaa rafuni na afya zao. Vya ufugaji wa kuku vilikuja mara moja kwa mwaka. Lakini vitabu vya upelelezi! Hivyo vililetwa hoi kila wiki, migongo imevunjika, kona zimekunjwa, kimoja kimemwagikiwa supu, kingine kimekaliwa na mbuzi. Na gundi ikishapakwa ni lazima ukae uisubiri ikauke. Sasa mtu anayejua kusoma amekaa na kitabu mkononi, atafanya nini? Nikasoma. Nilisoma mpaka nikawa nasahau kushona.

Ninyi mnaovipenda mnajua ninachosema. Yule mtu wa peke yake, koti refu, kola imesimama. Hana mke, hana ndugu, hana anayemsalimia. Mkubwa wake anamkataza kuifuata kesi, naye anaifuata. Anapigwa na watu sita, anaamka, anajifuta damu, anawasha sigara. Haulizi mtu kitu. Mimi nilitoka kwenye boma la watu kumi na wanane huko Kalama, ambako huwezi kupiga chafya bila shangazi watatu kukuuliza ulilala wapi. Nilimwonea yule mtu wivu mpaka nikaumwa. Nikanunua koti la mitumba, nikasimamisha kola, nikapita sokoni polepole nimenyamaza. Mama mmoja wa mboga akaniita, "Kimeu, shingo imefanya nini? Kuja nikukande!"

Mwaka wa tatu Katibu wa chama, mkubwa wa Bwana Mkutubi, aliniongezea kazi ya sanduku. Lilikuwa sanduku la mbao la vitabu themanini, ambalo gari la chama lililipeleka Masii kila baada ya wiki mbili, siku ya soko. Mimi nilikaa nalo kwenye veranda ya stoo yetu, na meza, muhuri na kadi. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake ndani ya mfuko wa karatasi. Msomaji akikiazima, naichomoa ile kadi naiweka nyuma ya kadi yake ya uanachama, kisha napiga muhuri wa tarehe. Kwa hiyo ukinionyesha kitabu chochote, nilijua kimepita mikononi mwa nani.

Hapo verandani ndipo nilipompata Mama Mwikali. Aliuza njugu mita chache kutoka mezani kwangu, mama mzito mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amenizidi umri, kwa hiyo nilimwita Mwaitu, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba. Niliposhusha sanduku mara ya kwanza alikuja akiwa bado na mkebe wa kupimia njugu.

"Ya dini sitaki, niko nayo nyumbani. Uko na ile ya kuuana?"

Nilikuwa nayo. Kutoka siku hiyo, kwa miaka sita, sikuwahi kuongea na binadamu mwingine kama nilivyoongea na yule mama. Alisoma vitabu viwili kwa wiki mbili, vilivyofungwa kwenye leso ndani ya kiondo chake, na akirudi wateja walisimama foleni hadi barabarani wakingoja tumalize ugomvi wetu.

"Huyu mpelelezi wako," ananiambia, "nguo zake nani anafua?"

"Mwaitu, hana mtu. Ndio uhodari wake."

"Huo si uhodari, huo ni uchafu. Na chakula? Tangu mwanzo wa kitabu amekula yai moja. Moja, Kimeu! Nimehesabu."

"Basi mbona unamsoma?"

Akacheka mpaka miwani ikashuka. "Kwangu tunalala watu tisa. Huyu anaingia kwake, anafunga mlango, hakuna wa kumwita. Mimi nikifika hapo nasoma polepole sana. Ni kama nimepumzishwa miguu."

Hiyo ndiyo raha ya vitabu hivi, na aliyeisema si profesa, ni mama wa njugu wa Masii.

Mwaka wa saba wa sanduku, kurasa zikaanza kupotea. Nilikuwa nikikagua rafu ya marekebisho, ambako vitabu vilivyotoka Masii vilipumzika wiki moja kabla ya kurudi kazini, nikakuta kimoja hakina fungu la mwisho. Muuaji karibu atajwe, halafu jalada. Wiki nyingine viwili, kisha vitatu. Vyote vya upelelezi, vyote vimekatwa mwisho, na kingo zimeraruka vibaya. Msomaji mmoja wa hapo mjini alinirudishia kimoja kwa hasira, na sitii chumvi nikisema angenipiga nacho kama si ukumbi wa kusomea.

Hapo ilinipasa kumwambia Bwana Mkutubi. Ilinipasa kumwambia Mzee Nzioka, mfagiaji wetu, aliyeijua kila pembe ya chumba kile. Lakini mimi nilikuwa na koti. Nikasema kesi hii ni yangu, naifuata peke yangu.

Nikatoa kadi zote na kuzipanga sakafuni. Kila kitabu kilichokatwa kilikuwa kimepita kwa msomaji mmoja: Mama Mwikali. Ushahidi mzito, nikajiambia, bila kukumbuka kwamba mama huyo alikuwa ameazima kila kitabu cha upelelezi tulichokuwa nacho, vizima na vibovu. Halafu nikanunua njugu kwake. Njugu, mnajua, hufungwa kwa karatasi iliyosokotwa kama pembe, na karatasi hiyo hutoka kwa kitabu chochote kikuukuu. Nikaifungua ile pembe nikaikagua kwa kioo cha kukuzia maandishi. Ilihusu ufugaji wa sungura. Nikajiambia, mhalifu mwerevu huanzia kwa sungura.

Siku ya soko iliyofuata nilisimama mbele ya meza yake, kola juu. Watu walikuwa wengi.

"Mwaitu, fungua kiondo."

Alidhani natania. "Unatafuta maiti?"

"Fungua. Vitabu vyangu vinakatwa mwisho, na wewe unafunga njugu."

Mama Mwikali aliuweka chini mkebe wa njugu. Halafu akavua miwani, akafungua kiondo, na kutoa kitu kimoja kimoja na kukiweka mezani juu ya njugu: sweta ya mtoto aliyoanza kuifuma, sindano zake, nusu mkate, Biblia. Mwisho leso, na ndani ya leso kitabu changu. Kizima. Alikuwa ameweka uzi wa sufu mahali alipofikia. Akauondoa ule uzi, akanipa kitabu.

"Zimebaki kurasa kumi na moja," alisema. "Nilikuwa nimezichunga zangu za leo jioni."

Nikarudi verandani na koti langu, na siku hiyo hakuna aliyeazima.

Wiki hiyohiyo Mzee Nzioka alisogeza rafu ya marekebisho apige deki nyuma yake. Akaniita kwa sauti ambayo maktaba ile haikuwa imewahi kuisikia. Nyuma ya rafu kulikuwa na kiota cha panya, kikubwa, kimetandikwa vizuri kama kitanda cha hoteli, na kimetengenezwa kwa miisho ya vitabu. Nikainama nikasoma vipande: "...ni wewe uliyem...", "...bastola ilikuwa...", "...akaondoka peke yake..." Wauaji wote wa Masii na Machakos walikuwa wamelaliwa na vitoto vya panya.

Kosa lilikuwa langu tangu jikoni. Mimi hulamba kidole nikifungua ukurasa, na mrututu ni mchungu. Kwa hiyo nilikuwa nimeacha kuutia kwenye gundi, kimyakimya, ili nisome vizuri. Na kwa kuwa fungu la mwisho la vitabu vya upelelezi ndilo linalotafunwa na macho ya watu kuliko yote, nililipaka gundi mara mbili. Nilikuwa nimewapikia panya uji mtamu na kuwaonyesha pa kuanzia.

"Hii mavi ya panya nimefagia tangu Krismasi," Nzioka alisema.

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unapita umenuna na koti. Ningekuambia saa ngapi?"

Bwana Mkutubi alisikia yote amesimama. Kwa mara ya kwanza hakunong'ona. "Nani alikutuma kumpekua msomaji?"

"Nilijituma mwenyewe, Bwana."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo." Basi. Hakunifukuza, na mpaka leo naona ingekuwa nafuu.

Niliporudi Masii sikuvaa koti. Nilibeba sukari kilo mbili na kile kitabu. Nikamweleza Mama Mwikali habari ya panya, mrututu na ulimi wangu, mbele ya watu walewale, kwa sauti, ili waliosikia la kwanza wasikie na la pili. Walicheka sana. Naye alicheka. Akapokea sukari, akaniuliza hali ya watoto, akanijazia njugu mkononi. Nikaona yamekwisha, nikamsogezea kitabu.

"Kitabu rudi nacho, mwanangu."

"Zimebaki kumi na moja tu, Mwaitu."

"Najua. Mimi nimekusamehe tangu siku ileile, hata wa nyumbani niliwaambia wasikuseme vibaya. Lakini sasa nikishika kitabu chako nitakuwa naangalia vidole vyangu." Akatoa kadi yake ya uanachama kwenye leso, akaiweka juu ya jalada. "Hii mpelekee Bwana Mkutubi."

Kwa miaka tisa zaidi nilienda Masii na sanduku. Alinisalimia kila mara, aliniuzia njugu, alinitania kuhusu kitambi. Kitabu hakugusa. Vilikuja vitabu vizuri, jamani, vitabu vya kukufanya usahau kushuka kituoni, na mimi nilivisoma nikijua kabisa yeye angesema nini ukurasa gani, na nikashusha sanduku na kumsikia pale mita chache akihesabu chenji.

Sheria yetu ilisema msomaji asiyeazima kwa miaka miwili anafutwa, na kadi yake inapasuliwa. Kadi ya Mama Mwikali sikumpelekea Bwana Mkutubi. Niliirudisha kwenye kisanduku, na kila Januari niliipiga muhuri mpya wa kuihuisha.

Siku zangu za mwisho kazini alikuwa ameshakuja Bi Mkutubi mpya, binti mwerevu kutoka chuo, na kompyuta. Kadi zote zilikuwa zinaingizwa humo, kisha zinatupwa. Alifika kwa ile moja akasimama.

"Mzee Kimeu, huyu hajaazima kitu miaka tisa, na kila mwaka amehuishwa. Muhuri ni wako. Ni nani?"

"Ni msomaji."

"Bado yuko hai?"

"Yuko Masii, anauza njugu."

"Basi atarudi lini?"

Nilijaribu kumtania, lakini utani haukuja, mimi niliyewahi kuchekesha mazishi mawili. Akainuka akanipisha kwenye kiti chake. "Keti uandike mwenyewe," akasema.

Niliandika kwa kidole kimoja. Ilinichukua kama nusu siku, au dakika kumi, sikumbuki vizuri. Jina. Mahali. Kwenye kisehemu kinachouliza hali ya mwanachama kulikuwa na majibu mawili ya kuchagua, Hai au Amefutwa, na nikamwonyesha Bi Mkutubi nilichochagua ili pasiwe na jambo nililofanya peke yangu. Akaitikia kwa kichwa.

Sasa niko nyumbani Kalama, nimestaafu, na wapelelezi ninao wengi kuliko mbuzi. Bado nawapenda. Wakiingia kwao na kufunga mlango, nasoma polepole. Na huko mjini, siku yoyote Mama Mwikali akiamua kuingia, atataja jina lake tu, na watampa kitabu.