Shukrani ya Neno Moja

Bata mzinga alisafiri kwa ndege kutoka Riyadh, ameganda ndani ya sanduku la barafu, na alipofika nyumbani kwa mama yangu, mtaa wa Baghdadiyah hapa Jeddah, hakukuwa na sufuria ya kumtosha. Aliletwa na mwanangu na mkewe, Mmarekani aliyemwoa mwaka uliotangulia. Kwao, Alhamisi moja mwishoni mwa Novemba, jamaa hukusanyika, humla ndege huyo, na kila mmoja hutaja anachokishukuru.

"Siku hii ikiharibika, Mama, mke wangu atarudi kwao," mwanangu alininong'oneza jikoni. "Anasema mwaka mzima tunamlisha tu. Hakuna aliyemwambia jambo la moyoni mwake hata moja."

Niliona aibu, nikafanya wafanyavyo wasomi wakiona aibu: nikaenda kusoma habari za sikukuu hiyo. Nikaandaa hotuba juu ya mavuno na baridi, yenye utangulizi na hitimisho.

Mama alimkatakata yule ndege, akampaka ndimu, tangawizi na pilipili. Mchuzi wa matunda mekundu aliouleta mkwe, mama aliuonja, akatoa hukumu: "Achari hii bado changa."

Tukaketi mkekani. Mkwe akaeleza desturi yao, mwanangu akatafsiri. Mama akaanza, ndiye mkubwa.

"Alhamdulillahi."

Mwanangu, kwa mazoea: "Alhamdulillahi."

Nami, hotuba mfukoni, nikasikia mdomo wangu ukisema hivyo hivyo. Mikono ikaingia siniani. Alichokingoja mkwe tangu Riyadh kilikwisha wali ukiwa bado unafuka moshi. Mkwe akainamisha kichwa.

"Mbona hali? Pilipili?" mama akauliza.

"Bibi, kwao mtu husema hasa anashukuru nini."

"Kwani Mungu hajui?"

"Mungu anajua. Mke wangu ndiye hajui."

Mama akanawa mkono, jambo asilolifanya katikati ya chakula.

"Tulipotoka Unguja, mwaka wa mapinduzi, nilikuwa mtoto. Melini mama yangu aliumwa, hata mimi hanitambui. Mwanamke mmoja akanivua nguo zilizolowa, akanifunga kanga yake, akanilaza mapajani safari nzima. Tuliposhuka sikumwona tena. Jina silijui. Kila nikisema alhamdulillahi, yumo."

Nimelisikia neno hilo kwa mama maisha yangu yote: akipiga chafya, akishiba, umeme ukirudi. Nilidhani ni nukta tu ya kufungia chakula. Sasa nikalihisi kubwa kama nyumba yenye watu ndani, na mimi, binti yake mwenye shahada, sikuwahi kubisha hodi. Hotuba niliikunja ikawa ndogo sana.

Mkwe hakungoja tafsiri imalizike. Akasogea hadi magoti yake yakagusana na ya mama, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Kanga rangi gani, Bibi?"

Mama akafumba macho. "Ya manjano. Ilinuka udi na moshi. Hilo hajaniuliza mtu." Akamshika kidevu. "Na katika alhamdulillahi yako wewe, mwanangu? Nani yumo?"

Bata akapoa, hakuna aliyemjali. Jumamosi mwanangu alirudi Riyadh peke yake, akinung'unika hadi uwanja wa ndege. Mkewe alikuwa chumbani kwa mama, hawajamaliza kuhadithiana.