Fundi Anayewapenda Wanyonya Damu

Kila adhuhuri, fundi cherehani wa soko la Mchikichini huegemeza simu kwenye kopo la vifungo, akatazama filamu za zamani za wanyonya damu, zile zisizo na rangi, zenye majumba ya mawe na ukungu. Vidole vyake huendelea kupunguza suruali za mitumba, lakini jeneza likianza kufunguka mguu huacha kukanyaga cherehani, na uso uliojifunga tangu afiwe na binti yake mwaka jana hulegea kidogo. Jana Swaumu, muuza mashati wa meza ya jirani, alimuuliza, "Dada, wafu hawa hawakutishi?"

Fundi alikata uzi kwa meno. "Wao wanaamka, mdogo wangu," alisema taratibu. "Wangu namwendea makaburini kila Ijumaa, napiga hodi, haitikii."