Nilinyimwa maji ya kunywa St. Croix kwa sababu sikusalimia

Wakuu, habari za muda huu. Hii si stori ya kusimuliwa, imenikuta mwenyewe, na asiyeamini basi.

Mimi ni Mbongo, naishi Beltsville, Maryland, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mama yangu mzazi amekuja kututembelea kutoka Tabora.

Shida ikawa binti yetu, Neema, mzaliwa wa huku. Kiswahili anakisikia vizuri ila anajibu kwa Kiingereza. Anampita bibi yake sebuleni na "hey" moja, macho kwenye simu.

Mama aliumia. Akaniambia wazi kuwa Tabora wakimuuliza mjukuu anasalimiaje, itabidi adanganye. Nikifoka, mke wangu anasema nisimlazimishe mtoto. Nyumba ikawa nzito.

Nikaomba off, nikabook safari ya St. Croix. Ni kisiwa cha Caribbean kilicho chini ya Marekani, kwa hiyo viza ya mama haikuleta longolongo.

Aisee, kumetulia! Tulifikia Frederiksted, kamji kadogo kenye ngome nyekundu ya Wadenishi, waliokitawala kisiwa zamani. Hapo ndipo watumwa walipotangaziwa uhuru.

Halafu beach sasa. Maji meupe mpaka unaona kucha zako. Mama akakaa majini na khanga yake, akagoma kutoka. Nilifurahi sana, sifichi.

Kesho yake nikaingia dukani na Neema. Moja kwa moja kaunta, "Two waters, please."

Mama muuzaji kimya. Nikadhani hasikii, nikapandisha sauti.

"Good morning," akasema.

Nikataja maji tena.

"Good morning," akarudia, mikono kifuani. Watu nyuma yangu wakaanza kucheka.

Ndipo ikaniingia. Mimi, mtoto wa Kinyamwezi, nafundishwa salamu ugenini mbele ya mwanangu! Nikasalimia kwa aibu, na maji yakatoka na tabasamu juu. Neema hakusubiri zamu yake, akawahi, "Good morning, ma'am."

Nje akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama hiyo ndiyo shikamoo. Nikamjibu ni hiyo hiyo, mtu kwanza, maji baadaye.

Asubuhi iliyofuata akatoka chumbani, akasimama mbele ya bibi yake. "Shikamoo, bibi." Lafudhi ya Maryland kabisa.

Mama akavuta pembe ya khanga, akajifuta machozi. "Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje?" Akaendelea na habari za usiku, za miguu, za ndoto, mpaka mtoto akachanganyikiwa.

Nilichojifunza: kufoka kwangu hakukumfundisha kitu, ila kuniona naumbuka kulimtosha.

Wenye watoto huku ughaibuni, kwenu mnafanyaje? Tiririkeni hapo chini, na wa kunicheka mnicheke tu.

Leo tuko Beltsville, mama kachelewa kuamka. Neema kasimama mlangoni kwa bibi na begi mgongoni, basi la shule linapiga honi. Nikamwambia aende.

"I haven't said it yet," akanijibu, akabaki pale pale.