Amuge Afungua Boneti

Madereva wa stendi ya Busia walipotaka kumtania Amuge walimwita fundi wa barabarani, kwa sababu gereji yake haikuwa na ukuta wala geti. Alikuwa na turubai la buluu, benchi la wateja, na sanduku la spana alizonunua moja moja. Aliwaacha wacheke. Magari yao yalipogoma, waliingia chini ya turubai hilohilo wakiwa wapole kama watu waliofiwa.

Ukuta na geti aliwahi kuwa navyo. Gereji kubwa ng'ambo ya barabara, ile yenye jina la Mangeni kwa rangi nyekundu, matofali yake aliyabeba yeye mgongoni akiwa na mimba ya Ritah. Mangeni alikuwa mumewe, na ndiye aliyemfundisha kazi. Hilo Amuge hakulikana. Shule hakuiona kwa ndani hata siku moja, lakini tarakimu alizijua, na sikio lake lilitambua plagi iliyochoka kabla gari halijaegeshwa.

Kisha Mangeni akaleta mwanamke mwingine, Loice, na haukupita muda spea zikaanza kupotea stoo. Mangeni akaita kikao cha madereva, akasema mwizi ni Amuge. Mzee Ojulong, mwenyekiti wa madereva, alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema mama atoke kwa amani. Akatoka na nguo zake na binti yake. Hata bisibisi hakupewa. Tangu hapo hakuna aliyemwita mwizi mbele yake, lakini wateja wengi hawakumwachia gari bila kusimama kando na kuangalia mikono yake.

Wanjala alikuwa mmoja wao. Alifanya biashara ya mayai, akiyafuata kijijini Iyolwa na kuyapeleka upande wa Kenya. Asubuhi hiyo aliingiza gari lake jeupe chini ya turubai, akashuka akijifuta jasho.

"Mama Ritah, hii gari itanitoa roho. Taa ya injini inawaka, Mangeni anaizima. Nikipakia mzigo nikafika kilimani, inawaka tena, na nguvu hakuna. Kuku wenyewe wangenipita kwa miguu."

"Amebadilisha nini?"

"Sensa ya ekzosi, kile kipimo cha bomba la moshi. Ikawaka. Pampu ya mafuta. Ikawaka. Sasa anasema injini imeisha, nimuuzie hivi ilivyo atoe spea."

"Anakuhurumia sana," Amuge alisema, akachomeka mashine yake ndogo ya kupimia. Namba ya kosa ikajitokeza, naye akaitambua mara moja. "Inasema mafuta ni kidogo, hewa ni nyingi."

"Si hiyo ndiyo Mangeni alisema! Basi mafuta hayafiki."

"Mashine imesema hewa imezidi. Haijasema kosa ni la nani. Ikiwa imesimama, inasumbua?"

"Hapana. Inanguruma kama paka aliyeshiba."

"Inasumbua ikipanda tu, na mzigo?"

"Hapo tu."

Amuge aliwasha injini, akanyunyiza maji ya sabuni kuzunguka mipira yote ya hewa. Mngurumo haukubadilika; hakuna palipovuja. Mpira uliopasuka ungelisumbua gari zaidi likiwa limesimama, na pampu ilikuwa mpya. Akafungua kasha la filta ya hewa.

Filta ilikuwa imelowa oili, inang'aa. Mkono ule aliujua. Mangeni alizoea kuosha filta zote kwa petroli, kisha kuzimwagia oili ya injini ili vumbi la barabara za Petta na Iyolwa linase humo. Kwenye magari ya zamani ilisaidia. Yeye mwenyewe aliwahi kuzimwagia, kwa amri yake. Lakini gari hili, mbele kidogo ya filta, lilikuwa na kifaa cha kupima hewa inayoingia. Amuge alifungua skrubu zake mbili, akakitoa, akakielekeza kwenye mwanga. Uzi wake, mwembamba kama unywele, ulikuwa umeganda ukoko wa kahawia.

"Njoo uone. Huu ndio unaopima hewa, na umevaa koti la oili. Hewa ya gunia inapita, wenyewe unahesabu kikombe. Kompyuta inauamini, inatoa mafuta ya kikombe. Kule kwenye ekzosi sensa inaona hewa imebaki, inapiga kelele. Nyinyi mkamkamata aliyepiga kelele."

Aliusafisha uzi kwa dawa ya kupuliza, bila kuugusa kwa kidole, akauacha ukauke, akakirudisha kifaa mahali pake. Akaweka filta mpya, kavu, akafuta namba kwenye mashine.

"Nenda Iyolwa, pakia mpaka juu, rudi kwa kilima kilekile. Taa ikiwaka, turubai hili nalikunja."

"Mama, tuanze kukusaidia kukunja?" akadakia Benard, dereva aliyekuwa benchini.

"Wewe subiri lako likuzimikie."

Jioni Wanjala alirudi akipiga honi kuanzia mbali. Mayai yalijaa mpaka kwenye kiti cha mbele, na taa ilikuwa kimya. Akafungua boneti watu waone, madereva wakamfuata chini ya turubai, na Mzee Ojulong naye akaja, kwa maana Wanjala alikuwa ameshapayuka njia nzima kwamba Mangeni anaharibu magari ya watu ili ayanunue.

"Mama Ritah, sema wewe tu. Oili alimwaga makusudi, si ndiyo? Leo tunamtoa hapa stendi."

"Sema, mama," Ojulong alisema. "Neno yako leo tunachukua."

Amuge alitazama ng'ambo. Mangeni alikuwa amesimama getini, hajui aweke wapi mikono yake. Siku hii Amuge aliingoja mpaka ikamchosha. Aliyapanga maneno yake akifua, akipika, akiwa chini ya magari. Sasa lilihitajika neno moja tu, na hakuna ambaye angeomba la pili. Na yeye alijua vizuri jinsi neno la namna hiyo linavyomtoa mtu kwake.

"Hakufanya makusudi," alisema. "Hiyo oili anazimwagia filta zote tangu zamani. Hakujua. Kutaka kulinunua gari ni tamaa yake, mwulizeni mwenyewe. Lakini hakuliharibu ili alinunue."

Wanjala alishangaa. "Unamtetea? Huyu aliyekufukuza?"

"Nimtetee kwa lipi? Akitumbukia mtaroni sasa hivi, nitamaliza chai yangu kwanza. Umeniuliza juu ya gari, nimekujibu juu ya gari."

Madereva waliangua kicheko. Ojulong hakucheka. Alisimama akiliangalia kasha la filta chini ya boneti kana kwamba lilikuwa limemwita jina.

"Mama Ritah," alisema mwishowe. "Ile spea ya stoo. Wewe ulichukua?"

"Leo ndiyo unaniuliza?"

Mzee aliishusha kofia yake usoni kidogo.

"Siku ile mlisoma namba tu, Mzee. Taa iliwaka, mkamtoa aliyekuwa karibu. Hakuna aliyefungua boneti."

"Tungefungua wapi?"

"Ufunguo wa stoo alikuwa nao nani?"

Ojulong alifikiri. "Mangeni. Halafu akapatia Loice."

"Na mimi?"

"Wewe..." Mzee alijikuna shingo. "Wewe ulikuwa unaomba spea mlangoni kama sisi."

Benard, aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo, aliangalia viatu vyake. Amuge alichukua kitambaa, akapangusa benchi kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Kaa, Mzee. Benard, vuka ukamwite Mangeni. Mwambie aje na Loice wake. Waje hapa, kikao kile tukirudie; mimi getini kwake siingii tena."

Benard akavuka barabara. Amuge akaishusha boneti ya Wanjala, akaibana kwa viganja viwili mpaka ikajifunga. Ojulong akavua kofia, akakaa.