Bwana wa Maswali na Wagonjwa Wazima

Mimi sijawahi kuona mgonjwa wa kwetu anayejibu salamu kwa kulia. Utamkuta amelala chali, midomo imemkauka, mpira wa dripu uko mkononi, umwambie "Hujambo?" naye atakujibu "Sijambo," halafu akuulize habari za ng'ombe wako. Ndivyo tulivyolelewa. Ugonjwa unatajwa baadaye, salamu zikiisha, tena kama mgeni hana haraka. Mwenye haraka ataondoka akijua kila mtu ni mzima.

Haya, sasa mletee mtu kama huyo mtafiti.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nimelazwa katika kihospitali kimoja nje ya Voi, ambacho siku hizi kimegeuzwa ghala la mkonge. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili huko Ronge, msichana mkubwa mwenye heshima zake, na nilikuwa nimevunjika mguu kwa kuanguka kutoka juu ya mpera. Ndiyo, mpera. Wakwe zangu watarajiwa, watu wa Chala, waliambiwa kwamba niliteleza mtoni nikichota maji. Kwa hiyo ulimi wangu ulikuwa umeshazoea kazi.

Harusi ilikuwa imepangwa. Kwaya ilikuwa imefanya mazoezi mpaka watoto wangu wa darasa la pili wanaziimba zile nyimbo wakienda msalani. Baada ya wiki nyingi za kuning'inizwa mguu kwa vyuma nilifungwa plasta, na daktari akaniahidi kwamba Ijumaa atanipa magongo niende zangu nyumbani, mradi mguu hauna shida. Aliniambia niuweke juu ya mto, nisizurure. Lakini mimi na kutulia kitandani, wapi! Nilirukaruka kwa mguu mmoja kitanda hadi kitanda, nikiigiza daktari anavyotembea, nikiigiza sista anavyokohoa kabla ya kugomba, wanawake wanajishika mishono yao isije ikafumuka kwa kicheko.

Mtu mmoja tu hakucheka. Huyo alikuwa nyanya wa kitanda cha jirani, aliyekuja na treni kutoka Taveta, mkulima wa ndizi wa Bomeni, amepasuliwa tumbo. Alikaa na kikombe chake kikubwa cha bati, akinywa chai polepole na kunitazama. Nilidhani hana ucheshi, maskini.

Basi mguu ukavimba ndani ya plasta. Kwanza uliuma, nikanyamaza. Halafu ukaacha kuuma, nikafurahi, mjinga mimi. Vidole vilivyotokeza nje vikawa kama vya mtu mwingine. Nikivishika ni kama nashika viazi. Nikavifunika kwa leso. Harufu ilipoanza, nikanyunyiza poda. Daktari alipopita akauliza, "Vidole vinasikia?" Nikasema, "Vinasikia, daktari." Wodi ilijaa hadi sakafuni na yeye alikuwa peke yake, akaniamini. Nilijua vizuri kwamba akigundua ataikata plasta tuanze upya, na harusi itakuwa imekwenda na maji. Ijumaa hiyo nilikuwa naitaka kufa na kupona.

Jumatatu ndipo akaja bwana wa maswali. Kijana wa chuo kikuu, mtu wa bara, suruali ya bugaluu iliyopanuka miguuni, viatu vimekuwa vyekundu kwa vumbi la Voi kabla hajafika mlangoni. Alitumwa kuchunguza jinsi wagonjwa wanavyohudumiwa, ili wakubwa waamue kama wodi yetu inahitaji muuguzi wa pili. Tulikuwa na sista mmoja tu kwa wodi nzima, mama mkali mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama. Siku hiyo alivaa kofia mpya na akakohoa mara mbili tuelewe kuwa ni mgeni wa maana.

Kijana akaanza na kitanda cha mlangoni.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu."

"Una maumivu?"

"Aa, tunamshukuru Mungu."

"Ukimwita muuguzi, unangoja sana?"

"Sista ni mzuri. Wewe umekula?"

Huyo mama alikuwa ameitisha beseni la kujisaidia tangu alfajiri na hajaliona. Kijana akaenda kwa wa pili, aliyefungwa bandeji kiunoni mpaka shingoni, akajibiwa mzima tu. Wa tatu akamuuliza kama ameoa. Mimi nilipofikiwa nilimpa tabasamu la mwalimu. "Mzima kama chuma," nikasema. Kufikia saa sita mchana kijana alikuwa na wodi nzima ya wanawake wasiougua chochote, na mwaliko wa kwenda kula kuku Mwatate.

Alipotoka, sista aliketi kwenye ukingo wa kitanda changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mmenimaliza," akasema. "Wagonjwa wazima namna hii, wakubwa watauliza hata mimi mmoja ni wa nini." Hakugomba. Ningependa angegomba, maana macho yake yalikuwa yamejaa machozi na nilimhurumia sana.

Jioni kijana aliporudi kuchukua mwavuli wake, nikamwita kwa kidole, kama ninavyowaita watoto wa nyuma darasani.

"Wewe, nani alikufunza kumuuliza mtu habari zake mwenyewe?"

Akashangaa. "Sasa nimuulize nani?"

"Muulize jirani! Mtu wa kwetu kujisema ni aibu. Lakini kumsema mwenzake? Hiyo kazi anaifanya hata bila chai."

Alicheka, lakini kesho yake alijaribu. Mama wee! Ilikuwa ni kama kufungulia kuku. "Mimi? Mimi mzima. Lakini huyu hapa jana alilia kwa kiu mpaka mume wangu alipokuja kuniona ndiye aliyempa maji." Aliyesemwa akainuka kwa kiwiko: "Ati kiu? Na yeye mwambie anavyoficha vidonge chini ya godoro kwa sababu ni vichungu!" Wa bandeji akasema yule wa dirishani alipona zamani, anamkwepa tu mama mkwe. Wa dirishani akasema wa bandeji amelala kwenye shuka lenye maji tangu juzi kwa sababu sista yuko peke yake na hana mikono minne. Kijana alikuwa anakimbiza kalamu, jasho linamtoka. Sista akasimama katikati ya wodi bila kujua akohoe au acheke. Mimi nilijilaza kwenye mto wangu nikijisifu moyoni. Mambo ni hayo!

Nilipoulizwa habari za nyanya wa Bomeni nilisema ukweli: kwamba bandeji yake haikubadilishwa kwa wakati, na kwamba anauma meno asimsumbue mtu. Nyanya akanywa chai yake akinitazama.

Kisha kijana akamgeukia yeye. "Na mwalimu, nyanya? Mwalimu anaendeleaje?"

Nikatabasamu, nikavuta leso kidogo. Nyanya akaweka kikombe chini.

"Huyu? Huyu mguu wake umekufa."

Nikacheka kwa sauti. Hakuna aliyenisaidia kucheka.

"Jana chai yangu ilimwagikia vidole vyake," nyanya akaendelea. "Chai ya moto, bado inafuka. Alikuwa anasimulia habari za mbuzi wa mchungaji. Hakushtuka. Nikasema labda ni utamu wa hadithi. Nikamwagia tena."

"Kwa makusudi?" kijana akauliza.

"Kwa makusudi. Akaendelea na mbuzi wake."

"Nyanya!" nikasema. "Mimi ni mzima!"

"Kila mtu humu ni mzima, mwanangu. Ndiyo maana tumelazwa."

Sista hakungoja. Alifunua leso, akafinya kidole gumba changu huku ananitazama usoni. Akafinya zaidi. Akatoka mbio, yeye na miguu yake ile, akimwita daktari.

Waliikata plasta hapo hapo kitandani. Sitaeleza kilichokuwa ndani, kuna watu wanaosoma wakila. Daktari aliinama juu ya mguu kwa muda, kisha akaniambia bila kuzunguka kwamba hisia za vile vidole zikirudi, mguu ni wangu; zisiporudi na kidonda kikizidi, ataukata. Nililia mbele ya wodi ile ile niliyokuwa nikiichekesha. Niliogopa kweli kweli. Sikumwonea nyanya hasira hata kidogo, ila nilitamani aje ashike mkono wangu, na akaja.

Ijumaa ikapita bila magongo. Mchumba wangu akateremka kutoka Chala na mkungu wa ndizi, nami, kwa kuwa siri zangu zote zilikuwa zimeshamwagwa, nikamwambia habari ya mguu na ya mpera pia. Aliutua ule mkungu chini ya kitanda. Halafu akauliza, "Mapera yalikuwa yameiva?" Nikamwambia yaliiva. "Basi tutangoja," akasema. "Ng'ombe wa mahari hana haraka."

Bwana wa maswali alikaa nasi mpaka kazi yake ikaisha, akienda jirani kwa jirani, na wodi ikamsema sista na kumtetea, kumsema na kumtetea, mpaka kijana mwenyewe akawa anambebea mabeseni. Baadaye muuguzi wa pili alikuja kweli, msichana mwembamba wa Wundanyi aliyeogopa sindano kuliko sisi. Lakini mimi siku zile nilikuwa sihesabu wauguzi. Kila asubuhi nyanya alijikokota mpaka kitandani kwangu na kikombe chake, sista akimwangalia, akanidondoshea tone la chai kwenye kidole gumba. Vuguvugu, siyo ya kuunguza. Kila asubuhi nilifumba macho nikangoja. Hakuna kitu. Nyanya anakunywa iliyobaki, anarudi kitandani kwake, wala haniambii pole.

Asubuhi moja nilikuwa nazungumza na sista kuhusu uji, sikuwa hata nimefumba macho.

"Yalaa!" nikapiga kelele.

Nyanya akadondosha tone jingine.

"Inauma! Nyanya, inauma! Inauma vibaya!"

Vigelegele vilivyopigwa humo ndani, hata siku ya harusi yangu sikuvisikia vya namna ile. Wa bandeji alipiga, wa dirishani alipiga, sista aliyekuwa akitukataza hata kuvuta kiti alishika kichwa akapiga na yeye. Bwana wa maswali, aliyekuwa bado nasi, akaingia mbio akidhani mtu ameaga dunia, akanikuta nalia na kucheka.

"Mwalimu, hujambo?"

"Sijambo kitu gani! Inaniuma!"

Akamgeukia nyanya, kama nilivyomfunza. Nyanya alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda changu, anamalizia chai yake.

"Andika," akamwambia. "Huyu anaendelea vizuri."