Dume Aliyetiwa Asidi

Émérence Ngoie ni mtunza maabara wa shule moja ya sekondari mjini Likasi. Ana miaka hamsini na moja. Huosha chupa, hufungia asidi kabatini na kuandika kila kinachoingia na kutoka. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi, alipanda baiskeli ya mumewe Hilaire hadi kijito kimoja upande wa Kambove, akawa anapindua mawe.

Chini ya mawe hayo anaishi mdudu ambaye kwa Kifaransa huitwa trichoptère. Akiwa bado buu hujijengea kijumba cha punje za mchanga anazozishikanisha kwa uzi wake mwenyewe, akatembea nacho majini. Huyu wa kijito hiki hachukui mchanga wowote. Huchagua punje za malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, na kijumba chake chote ni kijani.

Daktari Stéphanie, mtaalamu wa wadudu wa Lubumbashi, alikuwa hajamwona katika kitabu chochote. Ila mabuu hayatoshi kuipa spishi jina. Alihitaji dume aliyekomaa, akiwa bado ndani ya kijumba chake, ili asiwepo wa kubisha kwamba mwili huu na nyumba hii ni vya mdudu mmoja. Makala yake ya kumtangaza mdudu ilikuwa ifungwe mwisho wa Septemba.

Émérence alimpata Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024: mmoja tu, kati ya vijumba mia mbili na kumi na sita. Alkoholi ya shule ilikuwa hafifu, isingemhifadhi. Floribert, mdogo wa Hilaire, ni mkemia katika kiwanda kimoja huko Shituru. Alijitolea kwenda kazini na kichupa chenye mdudu na kuweka alkoholi safi.

Jumatatu jioni alirudi kwa shemeji yake akicheka.

"Belle-sœur, nakuletea habari ya muzuri! Nilitia asidi. Ilichemka! Ni malakiti kabisa!"

Hapa kwetu mkono wa mtu huenda kwenye asidi wenyewe. Mchimbaji, mnunuzi, mkemia, wote wakiona jiwe la kijani hulidondoshea tone, wakangoja povu. Floribert hakuwaza zaidi ya hapo. Ndani ya kichupa mlibaki maji ya buluu na kitu cheusi kilicholegea. Kijumba hakikuwepo.

"Nani alikutuma kupima analyse?" Émérence aliuliza.

"Nilitaka kukusaidia. Teneur yake ya shaba iko juu, weye!"

"Nilikutuma alkoholi! Alkoholi, Floribert! Weye unaona shaba tu. Mutoto wako akivaa shati ya kijani, utamutia asidi?"

Hilaire aliweka sahani chini. "Mama, acha. Ni ka-dudu tu. Utapata kengine."

"Miaka mbili, Hilaire! Wangekutia weye ndani ya asidi, ningesema ni ka-bwana tu?"

Floribert alicheka tena. Hilo lilikuwa kosa lake la pili.

"Dimanche, kisha misa, unaenda na minye," Émérence alimwambia. "Hakuna cha kurudi nyumbani kubadilisha viatu."

Jumapili, tarehe 22, walifika kijitoni saa sita mchana. Upande wa juu wa kijito watu walikuwa wameanza kuosha mawe ya madini, na matope mekundu yalishuka yakifunika kila kitu. Floribert aliingia majini na viatu vya kanisani. Kwa saa nne Émérence hakumsemesha, isipokuwa kumwambia "Pindua" na "Rudisha lile jiwe mahali pake." Vijumba vingi vilikuwa vitupu. Saa kumi Floribert aliinua kimoja kilichozibwa pande zote, kama buu anavyojifungia ili akomae. Émérence akakifungua kizibo kwa ncha ya wembe, akatazama ndani kwa lenzi.

"Ni dume," alisema.

"Basi tumepatana?"

"Bado."

Kwenye lebo ya mdudu huandikwa mahali, tarehe na jina la aliyemwokota. Émérence alipiga magoti kwenye nyasi, akaandika kwa penseli: Floribert Mwamba.

"Andika yako, belle-sœur. Minye hata sina na lazima ya jina."

"Nyamaza. Uliokota weye."

Penseli ilivunjika ncha. Aliichonga kwa wembe, akaandika upya jina lilelile.

Maelezo ya spishi yalitoka mwaka uliofuata, na dume ambaye jina la spishi linamtegemea ni yule wa Floribert. Daktari Stéphanie alikuwa amepiga simu kuuliza kama aweke Émérence kuwa ndiye aliyeokota. Alijibiwa kwa ukali hata akaomba radhi. Floribert huonyesha ukurasa ule kwenye simu yake kwa kila mtu kiwandani. Kwenye kijito hakuna tena jiwe lisilo na matope.

Floribert akija Jumapili kula, Émérence humpakulia bukari, ugali wetu, ya kutosha na samaki mzima. Neno "karibu" hamwambii.