Vitako Vinane kutoka Makole

Mimi ni fundi wa magobore mwenye kibali, hapa Kongwa, na kwa kazi yangu najivuna bila aibu. Oda zilipozidi, nikatafuta seremala wa kunichongea vitako vya mbao, vile vya kuegemeza begani, mimi nibaki na mitutu. Niliwapima watatu. Kila mmoja nilimwachia gobore langu mwenyewe nikamwambia, "Fuata hili, usiongeze akili yako."

Wawili waliongeza. Wa tatu, Fundi Yohana wa Makole, hakupunguza hata unywele. Nilipokiweka kitako chake begani, shavu lililala kama kwenye mto. Nikaagiza vinane, nikatamba kijiweni kwamba jicho langu halikosei.

Siku ya kukabidhi, wakulima walioagiza walikuja kujaribu. Wa kwanza alipinda shingo kama kuku aliyebanwa na mlango. "Mzee, hapa shavu linakaa wapi?" Wa pili vilevile. Yohana alikuwepo, nikamfokea mbele za watu: "Umechonga upande siyo!"

Hakubisha. "Samahani, mzee. Hebu tuonyeshe unavyolenga na lile lako."

Nikalinyakua kwa madaha, tupu bila baruti, nikalenga kichuguu cha mbali. Mkulima mmoja akacheka mpaka akakaa chini.

Gobore lilikuwa kwenye bega langu la kushoto. Mimi ni mashoto tangu kuzaliwa, na hilo nililichonga kwa ajili yangu peke yangu.

Lakini semeni kweli: kwenye kuchagua seremala, nilikosea?